Usiwape Jibu Bado

Mzee mmoja alifariki akaacha ng'ombe 17 na wana watatu wa kiume. Wasia wake ulikuwa mfupi: kifungua mimba apate nusu ya ng'ombe, wa kati apate thuluthi, kitinda mimba apate tusui, yaani fungu moja kati ya tisa. Asichinjwe hata ng'ombe mmoja, asiuzwe hata mmoja. Wana wakakaa chini ya mgunga wakapiga hesabu, wakaipiga tena, na kila mara ikawataka wamkate ng'ombe vipande. Watagawana vipi?

Ikiwa unalijua jibu, nakuomba unyamaze kwanza. Ikiwa hulijui, iache simu mfukoni. Kaa na fumbo hili kidogo tunapoendelea, kwa sababu ninalotaka kulisema linahusu muda huo wa kukaa nalo, watu wakiwa pamoja, kabla mmoja wao hajasema amepata.

Nimelitega katika nyumba nyingi za ndugu na marafiki, kuanzia Noonkopir na Milimani hapa Kitengela, hadi Isinya, hadi mjini Kajiado na maboma yaliyo nyuma yake. Kitengela ni mji wa watu waliotoka kwingine. Sensa ya 2019 ilikuta wakazi zaidi ya 150,000 mahali ambapo wazee wetu bado wanapakumbuka kama malisho yenye maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Wapo waliofuata viwanda vya EPZ pale Athi River, wapo waliokimbia kodi za nyumba za Nairobi, wapo walionunua ploti wakajenga polepole, chumba baada ya chumba. Ukialika watu Jumapili, sebuleni mwako watakaa Mkamba, Mluhya, Mkisii, Mmaasai na mtu wa pwani, kila mmoja na vitendawili vya kwao. Navyo vitendawili vya kwao vina masharti. Naomi Kipury alivikusanya vya Wamaasai katika kitabu chake cha fasihi simulizi cha mwaka 1983, na mtu asiyejua boma wala malisho atavisoma akiwa nje ya mlango. Vivyo hivyo, ambaye hajakaa na mnazi atakisikia kitendawili cha nazi na asione kitu. Fumbo la hesabu halimtengi mtu kwa asili yake. Nusu ni nusu kwa bibi wa miaka 80 na kwa mtoto wa Gredi ya 6, kwa aliyezaliwa Kakamega na kwa aliyezaliwa Kilifi.

Shangazi yangu alilipokea akiwa anaambua minji. Aliinama juu ya sinia, akatenga punje 17 pembeni, akaanza kuzisukuma kwa kidole: nane huku, tisa kule, kisha akazirudisha. Binamu yangu alikuwa ameshagawanya 17 kwa mbili kwenye simu. Mtoto akatangaza, "Nane na nusu!" Shangazi hakuinua macho. "Nusu ya ng'ombe ni nyama," alisema, "na marehemu amekataza kuchinja." Chakula kilichelewa siku hiyo. Kijana ambaye kwa kawaida hula haraka akaenda zake na vidude vyake vya masikioni alikuwa bado amekaa, anabishana na shangazi yake kuhusu punje za minji, naye shangazi anambishia kwa heshima ile ile ambayo angempa mtu mzima. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya fumbo la hesabu nyumbani. Swali linawakalisha watu. Jibu likishatoka, kila mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Hata hivyo, aliyelitendea haki fumbo hili kuliko wote nilimkuta upande wa Kajiado. Dada yangu ameolewa katika boma moja ng'ambo ya Isinya, na baba mkwe wake ni mzee aliyeishi na ng'ombe tangu utoto. Tulikuwa tumekaa nje, chai imeletwa. Nilimweleza fumbo polepole kwa Kiswahili, mwanawe akilitia katika Kimaasai pale neno lilipokuwa gumu. Mzee akasikiliza hadi mwisho, mikono imeegemea fimbo.

"Ng'ombe hao ni wa nyumba gani?" akauliza.

Nikamwambia, "Mzee, fumbo halisemi."

"Marehemu alikuwa na wake wangapi?"

Nalo fumbo halisemi.

"Mitamba ni wangapi? Wenye mimba je? Fahali yupo?"

Mwalimu wa hesabu angesema mzee anatoka nje ya somo. Mimi naona alikuwa ameingia ndani yake kuliko sisi wote wa Kitengela tuliokimbilia kugawanya 17 kwa mbili. Katika mila ya Wamaasai mume huwatengea wake zake ng'ombe akiwa hai, kila nyumba na ng'ombe wake, na vijana hupata wao kutoka nyumba ya mama yao. Kundi zima lililorundikwa pamoja likisubiri kukatwa nusu na thuluthi ni jambo ambalo mzee hakuwahi kuliona. Hata sheria ya nchi iliitambua hali hiyo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliweka mifugo na ardhi ya kilimo ya wilaya kadhaa, Kajiado ikiwa mojawapo, nje ya kanuni zake za kugawa mali ya mtu aliyekufa bila wasia, ikaacha mila za wenyeji ziamue.

Tena ng'ombe hawahesabiwi ovyo. Claudia Zaslavsky, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu hesabu za Kiafrika, aliandika juu ya mwiko wa kuhesabu watu na mifugo unaopatikana katika jamii nyingi za bara hili, na juu ya jamii zinazoonyesha tarakimu kwa ishara za vidole. Mfugaji aliyesimama langoni jioni humjua ng'ombe aliyekosekana kwa rangi yake, kwa pembe zake, kwa mahali anapopenda kutembea katika msafara. Hahitaji kufika 17 ndipo ajue kwamba wako 16. Mzee aliniambia pia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba baada ya ukame wa 2022 mtu aliyebaki na ng'ombe 17 hakuwa maskini. Nilikuwa nimekuja na namba ya kuchezea, kumbe kwake namba hiyo ilikuwa na mizoga nyuma yake.

Akanyamaza. Chai ikanywewa, vikombe vikachukuliwa. Halafu akauliza swali la mwisho. "Siku hiyo ya kugawana, wazee wengine walikuwa wapi?"

Fumbo halisemi.

"Watoto watatu hawagawani ng'ombe peke yao. Lazima awepo mzee wa rika la baba yao. Na mzee huyo hawezi kukaa akiwatazama watoto wa mwenzake wakishindwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Angeleta wake."

Hilo ndilo jibu. Jirani anakuja na ng'ombe wake, anamwingiza zizini, wanakuwa 18. Nusu ni tisa. Thuluthi ni sita. Tusui ni wawili. Tisa na sita na wawili ni 17. Amebaki mmoja, jirani anamswaga anarudi naye kwake. Mjukuu wa mzee, aliyekuwa akichora mistari mavumbini kwa kijiti, ndiye aliyepiga kelele wa kwanza alipoona hesabu imetimia. Babu yake hakupiga kelele. Aliuliza, "Anayerudi ni yule yule aliyekuja?"

Swali hilo sijalikuta katika kitabu chochote cha mafumbo, na naliona zuri kuliko fumbo lenyewe. Kwa wenye vitabu, ng'ombe wa kumi na nane ni hila ya hesabu. Kwa mzee huyu ni ng'ombe mwenye rangi na mama, aliyetoka kwa mtu fulani, na uhusiano wa watu wawili umekaa juu ya mgongo wake. Wamaasai waliopeana mfugo huitana kwa jina la mfugo huo. Alilifumbua fumbo kwa njia ya ujirani kabla hajalifumbua kwa njia ya akisami, na alifika.

Njia ya akisami nayo ina utamu wake. Jumlisha nusu, thuluthi na tusui: unapata 17 juu ya 18, hupati moja kamili. Marehemu aligawa mafungu 17 kati ya 18, akaliacha moja bila mwenyewe. Kama wana wangefuata wasia kwa kisu, wa kwanza angepata ng'ombe wanane na nusu, wa pili watano na theluthi mbili, wa tatu mmoja na sehemu nane za tisa. Jumla yake ni 16 na kipande kidogo sana, na ng'ombe karibu mzima angebaki zizini hana wa kumrithi. Ng'ombe wa jirani aliligawa fungu hilo lililosahauliwa kwa kila mwana kwa kadiri ya haki yake. Ndiyo maana kila mmoja alipata zaidi ya alichoandikiwa na hakuna aliyedhulumiwa.

Ukishaliona hilo unaweza kutunga mafumbo yako mwenyewe. Tafuta akisami tatu ambazo jumla yake imepungukiwa na fungu moja tu. Mbuzi 11 kwa nusu, robo na sudusi. Kondoo 23 kwa nusu, thuluthi na thumuni. Mpe mtoto wako mbuzi hao 11 na umwache nao.

Fumbo lenyewe limetembea sana. Waislamu wengi hulisimulia kwa ngamia, na mwamuzi akiwa Ali bin Abi Talib. Mwanahistoria wa hisabati kutoka Ufaransa, Pierre Ageron, amelifuatilia hadi kwenye maandishi ya Naraqi, mwanachuoni wa Iran wa karne ya 18. Huko Brazil, Júlio César de Mello e Souza, aliyeandika kwa jina la Malba Tahan, alilitia katika kitabu cha mwaka 1938 kwa ngamia 35 na mafungu yale yale. Ongeza mmoja wawe 36: wana wanapata 18, 12 na wanne, jumla 34. Wanabaki wawili. Mmoja anarudi kwa mwenyewe, na wa pili anachukuliwa na aliyepiga hesabu, kama ujira wake.

Jirani yangu anayetoka Mombasa alipolisikia, alileta la kwao, na la kwao ni la kweli kabisa. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Katika mirathi ya Kiislamu mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili kwa pamoja, baba ana sudusi, mama ana sudusi. Fanya mali iwe mafungu 24: mke matatu, mabinti 16, baba manne, mama manne. Jumla ni 27. Wasia wa ng'ombe ulipungua, haya yamezidi! Wanachuoni hulitatua kwa kuigawa mali katika mafungu 27 badala ya 24, kila mtu abaki na idadi ile ile ya mafungu, kila fungu lipungue kidogo. Thumuni ya mke inakuwa tusui. Inasimuliwa kwamba Ali aliulizwa swali hili akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo akaendelea na hotuba, na mpaka leo linajulikana kama suala la mimbari. Tulikaa nalo hadi usiku. Jirani yangu alichora mafungu kwenye karatasi ya kufungia mkate, na binti yangu, anayesoma akisami shuleni na kuziona kama adhabu, akamnyang'anya kalamu.

Fumbo jingine linalozunguka sana katika familia za Kenya ni la pesa. Mama amekukopesha 500, baba amekukopesha 500. Umenunua viatu vya shule kwa 970. Chenji ni 30. Mama umemrudishia 10, baba 10, na 10 umebaki nayo. Sasa mama anakudai 490 na baba 490, jumla 980. Ongeza ile 10 yako: 990. Shilingi 10 imekwenda wapi?

Mpwa wangu ni makanga kwenye matatu za Kitengela, zile za njia namba 110. Hesabu zake anazifanya akining'inia mlangoni, noti zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, za 50 hapa, za 100 pale. Abiria mmoja amelipia watatu kwa noti ya 1,000, wa nyuma anasema amelipa na hajalipa, mwingine anashuka Athi River na anataka chenji yake kabla gari halijasimama. Nilipomtegea fumbo la viatu hakuomba kalamu. "Pesa iko wapi saa hii?" aliuliza. Nikamwambia: 970 iko kwa mwenye duka. Kumi kwa mama, kumi kwa baba, kumi mfukoni. "Hiyo ni elfu moja," akasema. "Hakuna kitu kimepotea."

Hakupotea kwa sababu aliifuata pesa, hakuyafuata maneno. Deni la 980 ndilo lililozaa viatu vya 970 na shilingi 10 iliyo mfukoni. Ile 10 tayari imo ndani ya 980. Ukiijumlisha tena unaihesabu mara mbili, na 990 unayoipata si kiasi cha kitu chochote duniani. Ningependa fumbo hili litegwe kwa kila mweka hazina wa chama kabla hajakabidhiwa daftari, maana ugomvi mwingi wa pesa za vikundi huanzia hapo, mtu anapojumlisha deni na pesa taslimu kana kwamba ni vitu vya aina moja.

Sasa lipo fumbo ambalo silitaki nyumbani kwangu. Mnamo Julai 2019 lilienea duniani swali la 8÷2(2+2), na tangu hapo ndugu zake hurudi kila mara kwenye makundi ya familia ya WhatsApp. Nusu ya ukoo husema 16, nusu husema 1. Wakenya hutaja BODMAS. Ndugu wa upande wa Arusha, waliosoma ng'ambo ya Namanga, hutaja MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mabano yakishafunguliwa unabaki na nane gawanya kwa mbili zidisha kwa nne, na ukienda kutoka kushoto kwenda kulia unapata 16. Aliyeona kwamba mbili iliyoshikana na mabano ni kitu kimoja nayo hupata 1. Ugumu wote umo katika mwandiko. Aliyeandika angeongeza jozi moja ya mabano na ubishi wote ungekwisha, na makusudi hakuongeza. Nimeona mtu mzima akimwita mpwa wake mjinga mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya swali hilo, na mwisho wa siku hakuna hata mmoja aliyejua kitu kipya kuhusu namba. Fumbo la haki ni lile ambalo jibu likija, kila aliyehangaika analiona kwa macho yake mwenyewe kwamba ni kweli, bila kuambiwa na mkubwa. Shangazi aliziona punje zake. Makanga aliziona noti zake.

Aibu ndiyo huharibu mambo haya, na huwashika hata wasomi. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant alijibu katika gazeti la Parade la Marekani swali la milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango. Mwenye mchezo, anayejua gari liko wapi, anafungua mmojawapo wa milango uliyoiacha na kukuonyesha mbuzi. Je, ubadili? Alisema ubadili, kwa sababu utapata gari mara mbili katika kila tatu. Akapokea barua karibu 10,000, na karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada za uzamifu, wengi wakimkemea. Alikuwa sahihi. Aliwaomba walimu wawape wanafunzi jaribio hilo walifanye wenyewe darasani. Nanyi mnaweza kulifanya mezani kwa vikombe vitatu na sarafu ya shilingi 20, mmoja afiche, mmoja achague, mmoja aandike. Chezeni mara nyingi. Baada ya muda karatasi itasema.

Kutega fumbo, basi, kuna adabu yake, na adabu hiyo wahenga wetu waliijua. Mtu husema "Kitendawili!" Wenzake huitikia "Tega!" Wanajaribu, wanajaribu tena, na wakishindwa kabisa hulazimika kutoa mji. Aliyetega anaweza kuukataa mji wa kwanza akataka mwingine. Anaufikia huo mji kwa maneno, anaeleza alivyopokelewa huko, na ndipo jibu hutoka. Watoto tulikuwa tunaona ni mchezo wa kurefusha usiku. Leo naona kwamba taratibu ile ililifanya jibu kuwa na bei. Hukulipata kwa kuuliza tu. Ilibidi mshindwe kwa pamoja na mkubali kwa pamoja kwamba mmeshindwa.

Siku hizi jibu halina bei. Programu za akili mnemba hulitoa kwa sekunde chache, pamoja na hatua zake zote, na mara nyingi ni jibu sahihi. Sina ugomvi nazo. Lakini mtu anapozifungua katikati ya mazungumzo ya sebuleni, anakuwa amewanyang'anya wengine kitu ambacho hakikuwa chake peke yake. Mimi huomba simu ziwekwe chini. Fumbo namtegea kwanza aliye mkubwa kuliko wote, ili wadogo waone mkubwa akifikiri, akijikuna kichwa, akibadilisha mawazo. Neno "rahisi" silitumii, kwa kuwa anayeshindwa na kitu kilichoitwa rahisi hawezi kufungua mdomo tena jioni hiyo. Mtoto akipata wa kwanza, namwita aninong'oneze sikioni, namtikisia kichwa, kisha namwachia kazi ngumu ya kunyamaza. Utamwona anavyojikaza, mikono juu ya mdomo, macho yamejaa. Na mwenye kujibu kwa njia nisiyoitegemea, kama yule mzee wa Isinya, simrudishi kwenye mstari. Namfuata nione anakokwenda.

Lipo moja ambalo ni letu wenyewe wa Kitengela, na sijui kwa nini halitegwi zaidi. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya pamoja iliyoandikishwa chini ya sheria ya mwaka 1968, ikagawanywa mwaka 1988 kwa wenye hisa, kila mtu na kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwa, vikauzwa tena, mpaka tukafika kwenye ploti ya hamsini kwa mia tunayoijua wote. Muulize mtu yeyote stendi ya matatu eka moja inatoa ploti ngapi za hamsini kwa mia, atakuambia nane bila kufikiri, na ploti hiyo itauzwa kama sehemu moja kati ya nane ya eka. Eka ni futi za mraba 43,560. Sehemu moja kati ya nane yake ni 5,445. Hamsini kwa mia ni 5,000. Zile 445 zilizobaki zinatosha chumba cha futi 20 kwa 22, sebule nzima yenye makochi, na mnunuzi hukubaliana nazo kwa kuwa anaambiwa zimekwenda kwenye barabara.

Basi tuitafute barabara hiyo. Chukua eka iliyonyooka, yenye upana wa futi 200. Panga ploti nne upande mmoja, zikigusana kwa zile futi 50, na nne upande wa pili zikitazamana nazo. Kila ploti inaingia ndani futi 100. Katikati pitisha barabara kwa ardhi yote iliyobaki. Ina upana wa futi ngapi, na malori mawili ya mchanga yakikutana humo yatapishana? Jibu ninalo na silitoi hapa. Watege wa nyumbani kwako leo jioni, hasa ikiwa kuna mmoja wenu anayeweka akiba ya kununua ploti, na asilitaje mtu yeyote mpaka aliye kimya kuliko wote naye awe amesema lake.